Jengo la kumbukumbu chuoni: kwa nini ahadi ni mamilioni, kwenye akaunti kuna laki?

Unaamka asubuhi, unashika simu, grupu la waliosoma pamoja nawe lina meseji 214. Usiku mwenzenu mmoja ameandika: "Wadau, mwalimu wetu ametutoka. Tumjengee ukumbi pale chuoni, uitwe kwa jina lake." Mpaka saa sita usiku makofi yamejaa, orodha imefunguliwa na ahadi zinashuka kama mvua. Milioni moja. Laki tano. Laki mbili, Mungu akipenda.

Miezi minne baadaye orodha ileile inarushwa tena kila Jumatatu. Majina ni mengi, alama za tiki chache. Mweka hazina ameshaanza kuonekana msumbufu. Wengine wameondoka kwenye grupu kimyakimya.

Kama umewahi kuwa kwenye grupu la hivyo, unajua shida haikuwa roho mbaya. Walioahidi usiku ule walimaanisha. Sasa hela inapotelea wapi? Jibu fupi: inapotea kabla haijaombwa, kwa sababu kuna maswali ambayo hakuna aliyeyajibu mapema. Tuyapitie moja moja, tukianzia Tabora.

Mji wa njia panda, chuo cha juzi

Tabora ilikua kwa sababu ya njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, ikapumzika, ikagawanyika: wengine wakaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, wengine wakaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba biashara hiyo mabegani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1912, na mji ukabaki njia panda mpaka leo.

Kwenye elimu pia Tabora ni jina kubwa. Julius Nyerere aliingia Shule ya Tabora mwaka 1937, na mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda. Aliporudi alifundisha St. Mary's, hapahapa Tabora. Lakini ona njia yake: ili apate elimu ya juu, kijana wa Tabora alilazimika kusafiri. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Ukitaka digrii, panda treni.

Mambo yalibadilika mwaka 2010, kilipoanza Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, wenyewe wanakiita AMUCTA, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Marko Mihayo alikuwa Askofu Mkuu wa Tabora kuanzia 1960 hadi 1985. Yaani chuo chenyewe kizima ni kumbukumbu ya mtu.

Hapo kuna jambo la kuelewa kabla hujapanga mchango wowote. Chuo kilichoanza 2010 kina wahitimu vijana. Wengi wa wale wa kwanza sasa ndio wanakata miaka thelathini na kitu. Wana watoto wadogo, wana kiwanja kinachosubiri msingi, na waliosoma kwa mkopo wanakatwa asilimia 15 ya mshahara kurudisha hela ya Bodi ya Mikopo. Hao huwezi kuwachangisha kama unavyochangisha mawaziri wastaafu waliosoma Tabora School. Ukijifanya hujui hilo, unatengeneza orodha ya ahadi zisizolipika.

Nairobi: waliochanga wakaamua wasijenge peke yao

Kuna kisa cha Afrika Mashariki ambacho kila kamati ya ujenzi ingepaswa kukijua.

Mahatma Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948. Wahindi waliokuwa wakiishi Afrika Mashariki walitaka kumkumbuka kwa kitu cha elimu, wakaanza kuchangishana ili wajenge chuo Nairobi. Wakati huohuo serikali ya kikoloni nayo ilikuwa inaandaa chuo chake cha ufundi mji uleule.

Wangeweza kushindana. Kingejengwa chuo cha serikali huku, na chuo cha kumbukumbu kule, kila kimoja kikitafuta walimu wake na wanafunzi wake. Badala yake walikaa mezani na kuunganisha. Chuo cha pamoja kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na mwaka huohuo sanamu ya Gandhi ikazinduliwa pale. Baadaye chuo kilibadilisha majina zaidi ya mara moja, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Sanamu bado ipo na jina la Gandhi bado liko kwenye majengo ya pale.

Jifunze nini hapo? Kumbukumbu iliyoshikamana na chuo chenye bajeti, walimu na wanafunzi imedumu kuliko hata jina la chuo chenyewe. Jengo la kumbukumbu linalosimama peke yake, bila mtu wa kulifungua asubuhi, linageuka stoo.

Makerere: machozi ni mengi, mfuko ni mwingine

Usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020, Jengo Kuu la Makerere liliungua. Lile jeupe lenye mnara wa saa, lililokamilika mwaka 1941. Waliosoma pale, wako Kampala, wako Nairobi, wako Dar, wako Ulaya, walituma picha na kuomboleza kama wamefiwa.

Michango ilikuwepo. Lakini mzigo mkubwa wa kulijenga upya ulibebwa na serikali ya Uganda, na jengo lilifunguliwa tena mwaka 2024. Miaka minne, kwa chuo chenye karne moja na wahitimu wenye vyeo kila kona ya Afrika Mashariki.

Usikate tamaa kwa hilo, ila pima ukubwa wa ndoto yako. Hata Harvard ya Marekani, yenye matajiri wake, haikujenga kwa wiki. Wahitimu wake walianza kuandaa jengo la kuwakumbuka wenzao waliokufa upande wa Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1865, vita vilipoisha. Jiwe la msingi liliwekwa 1870. Jengo likazinduliwa 1874. Kamati ikikuambia "tunakabidhi Desemba", uliza Desemba ya mwaka gani.

Kosa la hesabu: kugawanya sawa kwa sawa

Sasa tuje kwenye namba. Tuseme mnataka ukumbi mdogo wa kusomea, na mkadiriaji majenzi amesema shilingi milioni 200. Grupu lina watu 655. Admini anachukua kikokotoo, anagawanya: kila mtu kama laki tatu na elfu tano. Anatuma. "Wadau, laki tatu tu kwa kichwa!"

Hapo ndipo mchango unapofia. Mwalimu wa sekondari wa Sikonge anaona laki tatu, anazima simu. Mfanyabiashara wa Kahama ambaye angetoa milioni kumi anatuma laki tatu, anaona kamaliza. Umempoteza wa chini na umempunguza wa juu kwa meseji moja.

Hesabu inayofanya kazi inakaa kwa ngazi. Kwa mfano wetu huohuo:

- Mtu mmoja au kampuni moja: milioni 20.
- Watu wanne, milioni 10 kila mmoja: milioni 40.
- Watu kumi, milioni 4 kila mmoja: milioni 40.
- Watu arobaini, milioni 1 kila mmoja: milioni 40.
- Watu mia sita, laki moja kila mmoja: milioni 60.

Jumla: milioni 200, watu walewale 655. Ila angalia vizuri. Watu 55 wa juu wametoa milioni 140, yaani asilimia 70. Waliobaki 600 wametoa asilimia 30, tena laki moja ambayo mtu anaweza kulipa elfu kumi kwa mwezi kwa miezi kumi.

Kwa hiyo kabla hujarusha meseji kwenye grupu, kaa na wale 55. Ana kwa ana, au kwa simu, si kwa tangazo. Mtu wa milioni kumi haombwi mbele ya watu mia sita. Anapigiwa na mtu anayemheshimu, anaonyeshwa ramani, anapewa muda wa kufikiri na mwenza wake nyumbani.

Na kamati itoe kwanza. Kwenye misafara ya zamani kirangozi alitangulia mbele, wengine wakafuata nyuma yake. Mwenyekiti ambaye hajatoa hata shilingi hawezi kumdai mtu.

Hela ishikwe na nani?

Hili ndilo swali ambalo watu wanaliuliza moyoni na hawaliandiki kwenye grupu. Laki yangu inaingia kwenye simu ya nani?

Namba binafsi ya mtu, hata awe mchungaji au shehe, haifai. Siyo kwamba ni mwizi. Akiugua, akifariki, akigombana na mwenzake, hela inakuwa mateka. Fanyeni haya:

1. Sajilini chama. Chama cha waliosoma kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, kwa msajili aliye Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkitaka bodi ya wadhamini yenye uwezo wa kumiliki mali na kuingia mikataba, RITA ndio wanaosajili wadhamini.

2. Pateni barua ya chuo. Jengo likishajengwa kwenye kiwanja cha chuo ni mali ya chuo. Kama ni chuo cha serikali, ni mali ya umma. Kama ni cha kanisa au taasisi nyingine, ni mali ya mwenye chuo. Nyinyi mtabaki na jina ukutani na haki ya kuuliza. Kubalianeni kwa maandishi: eneo lipi, jina gani, litatumika kwa kazi gani, na mkiishia njiani inakuwaje.

3. Fungueni akaunti ya chama. Watia saini wasipungue watatu, na hela isitoke kwa saini ya mmoja. Lipa namba iwe ya chama, si ya mtu.

4. Toeni taarifa kila mwezi. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Picha ya taarifa ya benki inatosha. Mwezi ambao hakuna kilichoingia, andikeni hivyohivyo. Kimya ndicho kinachozaa maneno.

Kuna na mlango mwingine ambao makundi mengi hawaujui. Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inasimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mfuko huo unapokea michango ya watu na kampuni kwa ajili ya elimu, na mchangiaji anaweza kupata nafuu ya kodi. Kwa mwalimu wa laki moja hiyo haibadilishi kitu. Kwa kampuni inayofikiria milioni 20, inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya "tutaangalia" na "sawa, tunalipa". Mtume mhasibu wenu akaulize TEA kabla ya kwenda kuomba.

Kugeuza ahadi kuwa hela

Ahadi ina joto lake. Ikikaa wiki mbili bila kuguswa, inapoa. Wanaofanikiwa kukusanya wana tabia zinazofanana.

Hawagawi kazi kwa mweka hazina mmoja. Kila mwaka wa kuhitimu una nahodha wake, mtu wa mwaka huohuo anayewajua wenzake kwa majina ya utani. Nahodha wa mwaka wenu akikupigia, "Wee, mbona kimya?", unacheka na unatuma. Mwenyekiti wa taifa akikupigia, unaona unadaiwa.

Wanaomba tarehe, siyo kiasi tu. "Laki moja, nianze na elfu ishirini tarehe 30" ni ahadi. "Nitachangia, msijali" ni salamu.

Wanapokea na visivyo hela. Tabora ina Chuo cha Ardhi. Aliyesoma pale anaweza kupima eneo bure. Mhandisi anaweza kusimamia ujenzi. Mwenye lori anaweza kusomba mchanga. Na siku ya harambee, mtu akileta ndoo ya asali ya Tabora, ipigwe mnada. Watu wanaopandishiana bei kwenye asali huku wanacheka wanatoa zaidi ya wanaosomewa hotuba. Ila kila kitu kiandikwe kwa thamani yake, kama mnavyoandika hela.

Halafu hawamdhalilishi aliyekwama. Kurusha orodha ya "wasiolipa" kwenye grupu kunakupa laki mbili za leo na kunakunyima milioni mbili za miaka kumi ijayo. Mtu amefiwa, amesimamishwa kazi, anauguza. Muulize pembeni.

Tembe linataka kukandikwa

Nje kidogo ya mji wa Tabora, Kwihara, kuna tembe la kumbukumbu ya David Livingstone. Alikaa hapo mwaka 1872, kwanza na Henry Morton Stanley, kisha peke yake akisubiri wapagazi. Leo ni makumbusho.

Anayejua tembe anajua siri yake: ukuta wa udongo na paa la udongo vinataka mkono wa mtu kila mwaka. Mvua zikipita, unakandika. Ukiacha misimu miwili mitatu, linarudi kuwa ardhi.

Jengo la tofali na bati ni hivyohivyo, ila linakudanganya kwa sababu linachelewa kuoza. Mwaka wa kwanza utepe umekatwa, picha zimepigwa. Mwaka wa tatu vitasa vimelegea. Mwaka wa tano feni hazizunguki, choo kimefungwa kwa mnyororo. Mwaka wa kumi mwanafunzi anapita mbele ya jina la mwalimu wenu kwenye bango lililopauka na haelewi ni nani. Mlitaka kumheshimu, mmemfedhehesha.

Ndiyo maana hela ya kutunza jengo haiji baada ya ujenzi. Inaombwa pamoja nayo, siku ileile. Tuseme kwa kila shilingi kumi za ujenzi, moja ya ziada inawekwa pembeni kwenye akaunti ya muda maalumu au hati fungani, na haiguswi. Faida yake ndiyo inayopaka rangi na kubadilisha taa. Kwa mfano wetu, mngetafuta milioni 220, si 200. Na kama hizo ishirini hazipatikani, punguzeni jengo, msipunguze utunzaji.

Na kama chuo hakihitaji jengo?

Swali gumu, lakini liulizwe. Wakati mwingine chuo kina vyumba vya kutosha, kinachokosekana ni vitabu, intaneti, maabara au mtoto wa maskini wa kukaa kwenye vyumba hivyo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kumbukumbu ya Mwalimu ambayo haikujengwa kwa tofali: Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za umajumui wa Afrika, kilichoanza mwaka 2008 kikiongozwa na Profesa Issa Shivji. Ni kiti cha msomi, pamoja na mihadhara na mijadala yake. Watu wanakwenda kusikiliza, wanabishana, jina linatajwa.

Kwa hiyo nendeni chuoni kwanza, mkae na uongozi, walimu na wanafunzi wenyewe, muulize: mnakosa nini? Huenda jibu likawa ukumbi. Huenda likawa paneli za jua kwenye maktaba iliyopo ili isomeke usiku. Jina la mwalimu wenu likae mlangoni mwa maktaba inayojaa, badala ya ukumbi usiofunguliwa. Na kabla ya kuandika jina lolote, familia yake iulizwe. Jina ni lao kabla halijawa lenu.

Kabla hujabonyeza tuma

Grupu likikuita kesho, uliza haya matano, kwa heshima, mbele ya wote:

- Chuo kimekubali kwa maandishi?
- Akaunti ni ya chama au ya mtu?
- Makadirio yamefanywa na mtaalamu au ni ya kichwani?
- Hela ya kutunza jengo imo?
- Nani atatupa taarifa, na tarehe ngapi kila mwezi?

Ukijibiwa yote, tuma. Hata kama ni elfu kumi, tuma mapema na uhifadhi risiti. Ukikuta matatu hayana jibu, usiondoke grupu kimyakimya. Jitolee kusaidia kuyajibu. Huo nao ni mchango, na kamati nyingi umewapungukia kuliko hela.